Pumu ya mzio na pumu isiyo ya mzio: namna ya kuzitofautisha kwa wagonjwa wa delta ya Rufiji na Kibiti

Pumu ni ugonjwa sugu wa mirija ya hewa unaomfanya mgonjwa abanwe na kifua, akohoe, akose pumzi na kutoa mlio kama wa filimbi anapopumua. Dalili zake huja na kuondoka, huzidi usiku au alfajiri, na hupungua kwa dawa au zenyewe. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na ugonjwa huo ulisababisha vifo takribani 455,000. Vifo vingi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako mara nyingi ugonjwa huchelewa kutambuliwa au dawa ya kuzuia haimfikii mgonjwa.

Pumu si ugonjwa wa sura moja. Wako wagonjwa ambao mirija yao hubana kwa sababu mwili umejenga mzio dhidi ya kitu fulani wanachokivuta, kama vile kinyesi cha utitiri wa vumbi, mabaki ya mende, manyoya ya paka au chavua. Hiyo ndiyo pumu ya mzio. Wako wengine ambao hawana mzio wowote unaoweza kupimwa, lakini mirija yao hubana kwa moshi, vumbi kali, mafua, hewa ya baridi au dawa fulani. Hiyo ni pumu isiyo ya mzio. Toleo la 10 la orodha ya kimataifa ya magonjwa huziweka katika vifungu viwili tofauti, J45.0 kwa ya mzio na J45.1 kwa isiyo ya mzio, na kuna kifungu cha J45.8 kwa wagonjwa wenye mchanganyiko wa hali zote mbili.

Makala haya yanaeleza namna mhudumu wa afya, mgonjwa na familia wanavyoweza kuzitofautisha hali hizo katika mazingira ya Wilaya ya Kibiti na delta ya Mto Rufiji, ambako vipimo vya mzio haviko karibu na mgonjwa, lakini historia yake iko mikononi mwake.

Kwa nini tofauti hii ina uzito katika delta

Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa zaidi wa mikoko ulioungana katika Afrika Mashariki. Wakazi wa kata za Mbuchi, Msala, Salale, Kiongoroni na Maparoni huishi kati ya mito, visiwa na mashamba ya mpunga, na safari zao hutegemea kujaa na kupwa kwa maji. Maji yakipwa, mashua inaweza kusubiri saa kadhaa kabla ya kutoka. Mgonjwa aliyebanwa na pumu saa nane usiku katika kijiji cha delta hayuko katika hali sawa na mgonjwa anayeishi Kibiti mjini, kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara.

Kwa sababu hiyo, kinga ina thamani kubwa zaidi delta kuliko mahali penye hospitali jirani, na kinga hutegemea kukijua kinachomchochea mgonjwa. Mama aliyeambiwa kwamba ana mzio anaweza kufukuza paka, kuacha kula pweza na kuchoma mito yote ya usufi, huku akiendelea kubanika samaki juu ya moshi wa kuni kila siku. Mtoto aliyeambiwa kwamba moshi ndio tatizo anaweza kuhamishwa mbali na jiko, kisha akaendelea kulala juu ya godoro kuukuu lililojaa utitiri. Wote wawili wataendelea kubanwa, na familia itaona ushauri wa zahanati haufai.

Kinachotokea ndani ya mirija ya hewa

Katika pumu ya mzio, mfumo wa kinga huzalisha kingamwili za aina ya IgE dhidi ya kitu ambacho kwa watu wengine hakina madhara. Kingamwili hizo hukaa juu ya seli maalumu zilizomo kwenye kuta za mirija ya hewa. Mgonjwa akikivuta tena kitu kile, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine ndani ya dakika chache. Misuli ya mirija hukaza, kuta huvimba na ute mzito hujaa. Baada ya saa kadhaa huweza kuja wimbi la pili, linaloletwa na chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili. Ndiyo maana mtu aliyefagia ghala la mazao asubuhi anaweza kubanwa jioni.

Katika pumu isiyo ya mzio, kuta za mirija pia huwa na uvimbe wa muda mrefu, lakini hauanzishwi na IgE dhidi ya kitu kinachojulikana. Mirija huwa nyepesi kukasirika: moshi, harufu kali, baridi au virusi vya mafua vinatosha kuifanya ibane.

Utengano huu una historia ndefu. Daktari Francis Rackemann wa Boston, Marekani, aliwagawa wagonjwa wa pumu tangu mwaka 1918 katika wale ambao chanzo chao kiko nje ya mwili na wale ambao chanzo chao hakionekani nje. IgE yenyewe ilitambuliwa katika miaka ya 1960.

Kwanza, ihakikishwe kuwa ni pumu

Kabla ya kuuliza ni pumu ya aina gani, sharti ijulikane kuwa ni pumu. Katika ukanda wa pwani yako magonjwa kadhaa yanayofanana nayo.

Kifua kikuu huleta kikohozi kisichokoma, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito. Mgonjwa mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa makohozi hata kama anatoa mlio kifuani. Ugonjwa sugu wa kuziba kwa mapafu, unaotokana na uvutaji wa sigara au kukaa miaka mingi kwenye moshi wa jiko, huwapata zaidi watu wenye umri mkubwa. Pumzi yao haifunguki vizuri hata baada ya dawa. Ugonjwa wa moyo huleta kukosa pumzi mgonjwa anapolala chali, pamoja na kuvimba miguu.

Minyoo nayo huiga pumu. Mabuu ya minyoo ya tumbo hupita kwenye mapafu katika safari yao ndani ya mwili, na kwa siku chache huweza kuleta kikohozi na mlio kifuani. Vimelea vya matende, ugonjwa uliowatesa watu wa pwani kwa vizazi vingi kabla ya mpango wa taifa wa ugawaji wa dawa kuanza kisiwani Mafia mwaka 2000, navyo huweza kwa wagonjwa wachache kuleta kikohozi kikali cha usiku kinachofanana kabisa na pumu.

Kipimo rahisi kinachoweza kufanyika katika kituo kidogo ni cha kasi ya pumzi. Mgonjwa hupuliza kwa nguvu ndani ya kifaa, namba huandikwa, kisha huvuta salbutamoli, na baada ya dakika 15 hupuliza tena. Kwa mtu mzima, kasi ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, hiyo ni dalili yenye nguvu kwamba mirija ilikuwa imebana na imefunguka, kama ilivyo desturi ya pumu. Kipimo hiki hakitofautishi pumu ya mzio na isiyo ya mzio, kwa kuwa zote mbili hufunguka kwa dawa hiyo.

Alama zinazoelekeza kwenye pumu ya mzio

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka tisa anayeishi katika kijiji cha delta. Alianza kukohoa usiku akiwa na miaka minne. Alipokuwa mchanga aliwashwa na ngozi katika mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, hali ambayo watu wengi huiita pumu ya ngozi. Kila asubuhi hupiga chafya mfululizo, pua humwashwa na macho humtoka machozi. Mama yake mzazi alikuwa na pumu utotoni. Mtoto hubanwa zaidi usiku akiwa kitandani, na alipokwenda kukaa kwa shangazi yake wiki tatu alilala vizuri.

Mfano huu una karibu alama zote za pumu ya mzio: huanza utotoni au ujanani, huambatana na pumu ya ngozi au mafua ya mzio, hupatikana katika ukoo, na dalili hufuata mahali, kitu au msimu fulani. Kuwashwa ni alama muhimu. Pua inayowasha, macho yanayowasha na koo linalowasha huelekeza kwenye mzio zaidi ya pua iliyoziba tu au koo linalouma.

Katika delta, kitu cha kwanza cha kushukiwa kwa mtoto kama huyu ni utitiri wa vumbi. Wadudu hao hawaonekani kwa macho. Hula magamba ya ngozi ya binadamu na hustawi kwenye magodoro, mito na mablanketi pale unyevu wa hewa unapokuwa mkubwa. Hewa ya pwani huwapa unyevu wanaouhitaji karibu mwaka mzima. Mito na magodoro ya usufi yaliyotumika kwa miaka mingi bila kuanikwa juani ni makazi yao mazuri.

Wanaofuata ni mende, hasa katika nyumba zinazohifadhi chakula ndani, na kuvu. Mwezi Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliingia katika vijiji vya Rufiji na Kibiti. Nyumba iliyokaa ndani ya maji huota kuvu kwenye kuta, mikeka na nguo, na mbegu zake huelea hewani muda mrefu baada ya maji kuondoka. Familia inayoona kwamba mgonjwa alizidiwa baada ya kurudi katika nyumba iliyofurika ina taarifa ya thamani, na inapaswa kuieleza zahanati.

Yapo pia mazao ya maji. Protini za kamba, kaa na samaki huweza kuruka hewani kwa mvuke wa kuchemsha au kwa vumbi la uduvi mkavu, na baadhi ya watu wanaofanya kazi hizo kwa muda mrefu hujenga mzio dhidi yake. Mtu wa namna hii anaweza kuwa mzima hadi miaka 30 kisha akaanza kubanwa. Kwa hiyo kuanza ukubwani hakuondoi uwezekano wa mzio moja kwa moja. Kazi ya mgonjwa lazima iulizwe.

Alama zinazoelekeza kwenye pumu isiyo ya mzio

Mfano wa pili ni mama wa miaka 42 anayebanika samaki kwa ajili ya kuuza. Utotoni hakuwa na tatizo lolote la kifua. Miaka mitatu iliyopita aliugua mafua makali, na tangu hapo kifua hakikurudi katika hali yake. Hubanwa akikaa kwenye moshi, akinusa ubani unaofukizwa chumbani, akipatwa na mafua au upepo wa alfajiri ukiwa baridi. Hapigi chafya, hawashwi, hana pumu ya ngozi, na katika ukoo wake hakuna mwenye pumu. Hakuna nyumba au msimu ambao humpa nafuu ya uhakika.

Hizi ndizo alama za pumu isiyo ya mzio: mara nyingi huanza ukubwani, huwapata wanawake zaidi ya wanaume, huanza au kuzidi baada ya maambukizi ya njia ya hewa, na vichochezi vyake ni vya kukasirisha mirija. Kwa wagonjwa wengi huwa kali zaidi na hudai dawa nyingi zaidi kuliko pumu ya mzio iliyoanza utotoni.

Vichochezi vya aina hii ni vingi katika maisha ya kila siku ya Kibiti na delta: moshi wa kuni na mkaa jikoni, moshi wa kubanika samaki, moshi wa tanuri la chokaa, dawa ya mbu ya kuchoma, udi na ubani, na moshi wa kubangulia korosho, ambao una mafuta makali ya ganda. Uzito mkubwa wa mwili, kucheua tindikali ya tumbo na msongo wa mawazo navyo huchangia.

Kundi moja la wagonjwa linastahili uangalifu wa pekee. Ni watu wazima wenye pumu, pua inayoziba daima na vinyama ndani ya pua, ambao hubanwa vikali saa moja au mbili baada ya kumeza aspirini, diklofenaki au ibuprofeni. Hali hii inafanana na mzio lakini haitokani na IgE, na kipimo cha ngozi hakiioneshi. Dawa hizo hununuliwa kwa urahisi madukani kwa ajili ya maumivu ya mgongo au kichwa. Kila mgonjwa wa pumu aulizwe alimeza nini kabla ya kubanwa.

Kalenda ya kazi na misimu

Mahali pasipo na maabara, kalenda ya mgonjwa husaidia sana. Mhudumu amwombe mgonjwa aeleze mwaka wake kwa misimu: masika, kipupwe, vuli na kaskazi, kisha kwa kazi: kupanda na kuvuna mpunga, kuhamia kwenye dungu la kulindia shamba, kupulizia na kuokota korosho, uvuvi wa kamba.

Mkulima wa korosho ni mfano mzuri wa namna kalenda inavyozuia kosa. Mikorosho huchanua kuanzia wakati wa kipupwe, na kipindi hicho hicho ndicho wakulima hupulizia unga wa salfa kukinga ubwiriunga. Mkulima anayebanwa kila mwaka kati ya Juni na Septemba anaweza kudhani ana mzio wa maua ya korosho. Aulizwe maswali mawili. Je, hubanwa siku zote za uchanuaji, au siku za kupulizia na zile zinazofuata tu? Je, wenzake waliopulizia pamoja naye, wasio na pumu, nao walikohoa na kuwashwa macho? Ikiwa hubanwa siku za salfa pekee na wenzake pia waliathirika, mshukiwa wa kwanza ni unga wa salfa wenyewe, ambao hukasirisha mirija ya mtu yeyote na zaidi ya mwenye pumu. Tiba yake ni kumwachia mwingine kazi hiyo, au angalau kuvaa kinga ya pua na mdomo inayobana usoni na kusimama upande upepo unakotoka. Hakuna haja ya kukata mikorosho iliyo karibu na nyumba.

Kwa upande mwingine, mtu anayepiga chafya, kuwashwa na kubanwa kila anapofungua ghala la mpunga, huku wenzake wakiwa hawana shida, anaelekea zaidi kwenye mzio wa kuvu au wadudu waliomo katika nafaka. Kichochezi cha kukasirisha huwagusa wengi kwa viwango tofauti; mzio humchagua mtu.

Vipimo vya mzio na mitego yake

Kipimo kinachotumika zaidi ni cha kuchoma ngozi. Tone la kila kitu kinachoshukiwa huwekwa kwenye mkono, ngozi huchomwa kidogo juu yake, na matokeo husomwa baada ya dakika 15 hadi 20. Uvimbe unaozidi ule wa tone la maji kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa kuwa chanya. Kipimo hiki hufanyika katika hospitali kubwa zenye wataalamu na dawa za dharura. Mgonjwa anayepewa rufaa kwa ajili yake anapaswa kuacha dawa za mzio kama sitirizini na klofeniramini kwa takribani wiki moja kabla, kwa maelekezo ya daktari, la sivyo ngozi haitaonesha kitu na safari itakuwa bure. Dawa zake za kuvuta za pumu hazihitaji kusimamishwa.

Matokeo chanya huonesha kwamba mwili umejenga IgE dhidi ya kitu hicho. Hayaoneshi kwamba kitu hicho ndicho kinachombana mgonjwa. Watu wengi wenye afya njema hutoa majibu chanya. Jibu la kipimo huwa na maana pale linapolingana na historia ya mgonjwa.

Mtego mkubwa zaidi kwa wagonjwa wetu ni minyoo. Kiwango cha jumla cha IgE katika damu na idadi ya eosinofili, vipimo ambavyo katika nchi za baridi hutumika kuashiria mzio, hupanda pia kwa mtu mwenye minyoo au kichocho. Mkazi wa delta mwenye kiwango kikubwa cha IgE hawezi kuambiwa kuwa ana pumu ya mzio kwa sababu hiyo pekee. Kinyume chake pia hutokea: utafiti uliofanyika Gabon na kuchapishwa mwaka 2000 ulionesha kwamba watoto wenye kichocho walikuwa na majibu chanya machache ya ngozi dhidi ya utitiri wa vumbi kuliko watoto wasio nacho. Kwa hiyo, palipo na minyoo, IgE ya jumla inaweza kudai mzio usiokuwepo, na ngozi inaweza kunyamazia mzio uliopo. Mgonjwa apimwe choo na mkojo, atibiwe minyoo inayopatikana, kisha dalili zake zitazamwe upya. Hilo ni la lazima pia kwa usalama, kwa kuwa aina moja ya minyoo, strongiloidi, huweza kusambaa mwilini kwa hatari mgonjwa anapopewa vidonge vya steroidi.

Mkoa wa Pwani si mgeni katika utafiti wa pumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha wanafunzi wa sekondari wa Bagamoyo na wa Ilala, Dar es Salaam, na kukuta dalili za mlio kifuani karibu mara mbili zaidi kwa wanafunzi wa mjini. Lakini hata Bagamoyo dalili hizo hazikuwa adimu, na hilo linatosha kuonya kwamba pumu si ugonjwa wa mjini pekee.

Maswali saba ya kumuuliza mgonjwa

1. Ulianza kubanwa ukiwa na umri gani, na ni nini kilikuwa kimetokea kabla yake?
2. Je, uliwahi kuwa na pumu ya ngozi, au hupiga chafya na kuwashwa pua na macho?
3. Nani katika ukoo wenu ana pumu, pumu ya ngozi au mafua ya mzio?
4. Unabanwa ukiwa wapi: kitandani, jikoni, ghalani, shambani au kazini?
5. Je, hupata nafuu ukihama nyumba au ukipumzika kazi kwa wiki moja au mbili?
6. Watu wengine walio mahali hapo nao huathirika, au ni wewe tu?
7. Ulitumia dawa gani siku uliyobanwa, zikiwemo za maumivu na za presha?

Majibu ya 2, 3 na 5 yakiwa ndiyo, na ya 6 yakiwa ni mgonjwa peke yake, pumu ya mzio ina uwezekano mkubwa. Majibu ya 2 na 3 yakiwa hapana, na ugonjwa ukiwa umeanza ukubwani baada ya mafua au kwenye moshi, uwezekano unaelekea pumu isiyo ya mzio. Majibu yakichanganyika, mgonjwa ahesabiwe kuwa na hali zote mbili na aepushwe na vichochezi vya pande zote. Mafua na mazoezi makali huchochea pumu zote, hivyo havisaidii kuzitofautisha.

Tiba: kinachofanana na kinachotofautiana

Msingi wa tiba ni mmoja kwa aina zote: dawa ya kuvuta yenye steroidi, kama vile beklometasoni au budesonidi, ambayo hutuliza uvimbe wa mirija na hutumiwa hata siku ambazo mgonjwa hajisikii vibaya. Salbutamoli hufungua mirija kwa saa chache lakini haitibu uvimbe. Tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu haishauri tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Hofu kwamba kifaa cha kuvuta dawa, ambacho wengi hukiita inhela, humfanya mtu awe mtumwa wake haina msingi. Kwa hiyo kukosa kipimo cha mzio kusiwe sababu ya kuchelewesha dawa ya kuzuia.

Tofauti iko katika kinga. Mwenye pumu ya mzio wa utitiri aanike godoro na mito juani mara kwa mara, afue mashuka kwa maji ya moto kila wiki na aachane na mito mikuukuu ya usufi. Hatua moja peke yake huleta nafuu ndogo. Zikifanywa pamoja na kwa kudumu, huweza kusaidia. Kuvu kwenye kuta kusafishwe na mtu mwingine, si mgonjwa, na nyumba ipitishe hewa. Mwenye pumu isiyo ya mzio aondolewe kwenye moshi: jiko liwe nje au mahali penye upenyo wa hewa, kuni ziwe kavu, mbaniko uwekwe upande upepo unakokwenda, na sigara iachwe na wote nyumbani.

Mgonjwa anapozidiwa

Shambulio kali halina aina. Hatari yake ni ileile. Mgonjwa anayeshindwa kumaliza sentensi, anayepumua kwa kuvuta mbavu ndani, mwenye midomo ya kijivu au buluu, anayesinzia au ambaye kifua chake kimenyamaza baada ya mlio mkubwa yuko katika hatari ya kufa. Akalishwe wima na apewe salbutamoli kwa kipulizi chenye chemba: kwa mtu mzima au mtoto mkubwa, mipulizo 4 hadi 10, ikirudiwa kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza. Pasipo na chemba, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa kipulizi hufanya kazi hiyo. Watafiti wa Afrika Kusini walithibitisha hivyo kwa watoto mwaka 1999.

Safari ya kwenda kituo cha afya ianze mara moja, bila kusubiri kuona kama dawa itafaulu. Familia za delta zenye mgonjwa wa pumu zinashauriwa kupanga mapema: ni mashua ya nani itakayotumika usiku, maji yatajaa saa ngapi, na kipulizi cha akiba kiko wapi. Mgonjwa aende kliniki na daftari lenye tarehe za kubanwa, mahali alipokuwa, kazi aliyokuwa akifanya na dawa alizotumia. Daftari hilo, likijazwa kwa miezi mitatu au minne, humsaidia daktari kuitambua aina ya pumu, na mgonjwa mwenyewe huanza kuona ni kitu gani anachopaswa kukiepuka.